Seva ya nyumbani haizimwi kwa kuchomoa waya

Picha za Wagenia wa Kisangani zilizunguka dunia zamani: wavuvi juu ya magogo yaliyofungwa kwa mitambaazi, mikononi migono mikubwa yenye umbo la pia, chini yao mto Kongo ukifoka. Siku hizi wenyeji wanajipiga picha wenyewe. Harusi, matanga, ubatizo wa mtoto, vyote vinaweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta kuukuu iliyogeuzwa seva, televisheni na simu za nyumba nzima zikichota humo.

Tatizo ni umeme. Kisangani inategemea kituo cha mto Tshopo, chenye mitambo mitatu, kilichojengwa na Wabelgiji miaka ya 1950. Mtambo ukisimama, mitaa inapokezana giza. Watu husema délestage, neno la Kifaransa walilolizoea kuliko taa yenyewe.

Mwenye seva akihisi giza linakuja, anachomoa waya ukutani na kwenda zake. Hapo ndipo anapoharibu. Faili linaloonekana limeshanakiliwa huenda sehemu yake bado iko kwenye kumbukumbu ya muda, inangoja zamu ya kuandikwa diskini. Umeme ukikatika, sehemu hiyo imepotea. Mifumo kama ext4 na NTFS huweka daftari la mabadiliko, hivyo kwa kawaida hujinyanyua. exFAT, iliyojaa kwenye diski za nje, haina daftari hilo. Tena daftari hulinda mpangilio wa faili, si yaliyomo. Harusi iliyokuwa ikinakiliwa haina dhamana.

Kuzima ni kazi ya dakika mbili tu: sitisha kunakili, funga programu ya filamu, kwa mfano Jellyfin, ili hifadhidata yake ifungwe vizuri, kisha iamuru kompyuta ijizime. Ngoja feni inyamaze ndipo uchomoe. Umeme ukirudi, usikimbilie kuchomeka. Mara nyingi hurudi kwa kishindo.

Wengi hununua diski kubwa zaidi kabla ya UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, ile inayoitwa onduleur. Ni kinyume. Lakini UPS isiyounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, bila programu kama NUT ya kuiamuru kompyuta ijizime, inaahirisha ajali tu. Diski mbili za RAID, zinazoandikwa sawia, ndani ya kasha moja nazo si nakala ya akiba: zikiungua, zinaungua pamoja. Nakala ya kweli ikae kwa shangazi, ng'ambo ya mto, Lubunga.

Asiye na nakala hiyo aianze leo, kabla giza halijaingia.