Mpaka Hauishii Mpakani

Kwa mtu wa kisiwani mpaka ni bahari. Mtoto wa Unguja, Pemba au Mafia hukua akiiona ardhi ikikoma pale mawimbi yanapopiga, wala haoni jiwe wala kizuizi kinachomtenga na jirani. Si ajabu basi kwamba mambo ya mipaka ya nchi kavu huonekana visiwani kuwa ni shughuli za watu wa Tunduma, Mutukula na Namanga. Sisi hatukubaliani na mawazo hayo.

Jamhuri ya Muungano inapakana na nchi nane: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Tano kati ya hizo hazina pwani hata shubiri moja. Aidha, historia ya mipaka hiyo haitengani na historia ya visiwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara na kumwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Na mwaka 1890 Zanzibar yenyewe ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza.

Anayedhani kwamba mpaka huwahusu walio karibu nao tu, na aitazame Kisaki, katika Mkoa wa Morogoro, kusini mwa milima ya Uluguru. Kisaki iko mbali na mpaka wowote. Hata hivyo, misafara iliyotoka pwani kuelekea maziwa makuu ilipita katika nchi hiyo ya Wakutu. Mwezi Septemba 1916 jeshi la Wajerumani na majeshi ya Afrika Kusini yaliyopigana upande wa Waingereza yalipambana hapo hapo Kisaki. Vita vilipokwisha, Rwanda na Burundi zilitengwa na kupewa Wabelgiji, na Kionga ikapewa Wareno. Mipaka ilibadilishwa, na wenyeji waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo hawakuulizwa neno.

Baada ya uhuru Kisaki ilipata wajibu mwingine. Rhodesia ilipoufunga mpaka wake na Zambia mwezi Januari 1973, reli ya TAZARA ilikuwa ikijengwa. Ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita Kisaki. Umuhimu wake waujua vema Wabolivia wa Amerika ya Kusini, ambao walinyang'anywa pwani yao na Chile katika vita vilivyoanza mwaka 1879, na hadi leo hutegemea bandari za majirani.

Ujirani huo umetugharimu pia. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vijana wa Bara na Visiwani walikwenda kuikomboa pamoja. Hakuna aliyeuliza wakati huo kama mpaka ule ni wa nani.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wahusika. Mzigo unapolala siku nyingi Tunduma, gharama yake humfikia mnunuzi, awe Mbeya au Chake Chake. Watumishi wa forodha na uhamiaji walikumbuke hilo. Mwaka 2025 ulitiwa sahihi mkataba na kampuni ya Kichina wa kuifufua TAZARA kwa muda wa miaka 30. Tunaomba vituo vidogo kama Kisaki visisahauliwe, kwani si haki mkulima aione shaba ya jirani ikipita mlangoni pake huku mpunga wake ukikosa behewa. Na suala la mpaka wa Ziwa Nyasa liendelee kutafutiwa ufumbuzi kwa mazungumzo, kwa mujibu wa ujirani mwema.

Nasi watu wa visiwani tuwafundishe watoto wetu majina ya majirani hao wanane. Nchi ni moja, na mipaka yake ni yetu sote.