Banda la kuku na hati ya marehemu babu

Mkulima wa Nyakach au Seme, kule Kisumu, akitaka kujenga banda la kuku 200 nyuma ya nyumba yake, kisheria anatakiwa kwanza aombe kibali cha kaunti. Wengi hawajui, na wanaojua wengi wao hawaombi. Mimi siwalaumu.

Sheria yenyewe ni ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Ni ya Kenya nzima, kwa hivyo msomaji wa Kilifi au Kwale asidhani haya ni ya watu wa ziwani peke yao. Inasema kuendeleza ardhi ni kufanya kazi yoyote juu yake. Kazi yoyote! Ghorofa la Milimani na zizi la mbuzi watano vyaingia kapu moja. Anayeanza kujenga bila kibali aweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili. Piga hesabu hao ni mbuzi wangapi.

Haki isemwe: sheria hiyohiyo inamlinda mwombaji. Asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kimetolewa. Kifungu kizuri, lakini chamfaa aliyefika dirishani. Na ombi lataka stakabadhi za shamba, ramani na ada. Kwenye stakabadhi ndipo penye mwiba. Kandokando ya ziwa mashamba mengi yangali kwa jina la babu aliyefariki zamani. Wajukuu wamegawana kwa mdomo, kila mmoja na kipande chake. Kwetu Pwani ni yaleyale: mirathi haijafika kwa kadhi, ama hati haijawahi kutolewa kabisa. Mtu aishi pale, alime pale, azike wazazi wake palepale, lakini kwenye karatasi hayupo.

Sisemi kaunti zifumbe macho. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likapita rekodi ya 1964, likameza nyumba na mashamba ya ufuoni, na Kano mafuriko si mageni. Anayemzuia mtu kujenga zizi kwenye njia ya maji amemsaidia. Ila hilo ni suala la mahali, na afisa wa kilimo aweza kulimaliza kwa kwenda kutazama kwa macho yake.

Uingereza, tulikorithi mfumo huu, shamba la kuanzia hekta 5 lina ruhusa pana ya kujenga majengo ya kilimo. Mwenye shamba dogo ndiye abanwaye. Tusiige hapo, maana kwetu hekta 5 ni utajiri. Tupime jengo, tusipime shamba.

Kuvitoa vibanda kwenye tafsiri ya sheria ni kazi ya Bunge la Nairobi, na huko mambo huchukua miaka. Lakini kusamehe ada ya banda dogo, na kukubali barua ya chifu pale hati ilipokwama kwa marehemu, kaunti yaweza kuanza nayo kwenye bajeti ijayo. MCA wako akija kuomba kura 2027, muulize hilo kabla hujamuuliza la barabara.