Neno la Mhariri: Swali Dogo, Kazi Kamili

Mradi wa utafiti wa mwaka wa mwisho ndiyo kazi ya kwanza ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya hisabati huifanya bila kuwapo mtu aliyekwisha kuandika jibu lake. Tangu darasa la kwanza hadi mtihani wa kidato cha sita, na hata katika mihula ya mwanzo ya chuo kikuu, kila swali alilopewa lilikuwa na jibu mikononi mwa aliyelitunga. Katika mradi, msimamizi mwenyewe huenda hajui mambo yataishia wapi. Toleo hili limetengwa kwa ajili ya kazi hiyo, na hoja yake ni moja: mradi wa hisabati hukamilika siku mwandishi wake anapoweza kusimamia kila mstari alioandika. Kurasa nyingi na saini za wakubwa haziwezi kuziba pengo hilo. Kwa sababu hiyo, swali dogo lililojibiwa lote lina thamani kuliko swali kubwa lililoguswa juu juu.

Kazi huanza kwa kuchagua swali, na hapo ndipo miradi mingi huharibika. Magonjwa ya kuambukiza huwavuta wanafunzi wengi, na si ajabu, maana hisabati yake ina historia ndefu. Ronald Ross aliandika milinganyo ya uenezi wa malaria kufikia mwaka 1911, na Kermack na McKendrick wakatoa modeli yao mashuhuri ya milipuko ya magonjwa mwaka 1927. Tatizo ni pale mwanafunzi anapochukua modeli yenye makundi sita ya watu, akaongeza la saba, akaiachia kompyuta ichore mikondo, kisha akashindwa kueleza kwa nini mkondo mmoja umepanda na mwingine umeshuka. Swali la namna hiyo ni pana kuliko miezi aliyo nayo. Profesa Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata shahada ya uzamivu ya hisabati, aliandika tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu aina moja ya kimiminika, kinachopita ndani ya bomba la mviringo, chini ya sharti moja maalumu. Ikiwa kazi ya uzamili ilibanwa kiasi hicho, ya shahada ya kwanza haina sababu ya kubeba bara zima.

Maswali ya kiasi hicho yapo karibu na nyumbani. Mfano mmoja unaweza kuchukuliwa Ipililo, katika Mkoa wa Simiyu. Simiyu ni mkoa wa pamba, na katika Kanda ya Ziwa pamba hupandwa kuanzia Novemba, mvua zinaposhika. Mkulima anayepanda baada ya mvua ya kwanza nzuri hubaki na wasiwasi mmoja: mvua ikikatika wiki nzima, mbegu iliyochipua huweza kufa na gharama ya kupanda upya ni yake. Mwanafunzi anayetoka huko, awe anasoma Dodoma au Dar es Salaam, anaweza kuugeuza wasiwasi huo kuwa swali la hisabati: baada ya siku ya mvua, kuna uwezekano gani wa kupita siku saba kavu mfululizo?

Chombo cha kulijibu kipo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, pale Andrei Markov alipoanza kuchunguza minyororo ya matukio ambayo hali ya sasa huamua uwezekano wa hali ifuatayo. Mwaka 1962, Gabriel na Neumann walitumia wazo hilo kwa siku za mvua na siku kavu za Tel Aviv. Mwanafunzi huhitaji namba mbili tu: uwezekano wa mvua kesho ikiwa leo ni kavu, na uwezekano wa mvua kesho ikiwa leo imenyesha. Zote mbili hupatikana kwa kuhesabu katika kumbukumbu za kipimamvua. Kwa ajili ya maelezo, na ieleweke kwamba hizi si takwimu za Ipililo, tuseme ya kwanza ni 0.2 na ya pili ni 0.5.

Kutokana na namba hizo mbili, mengi hufuata. Baada ya siku ya mvua, uwezekano wa kesho kuwa kavu ni 0.5, na kila siku kavu hufuatwa na nyingine kwa uwezekano wa 0.8. Siku saba kavu mfululizo, basi, ni 0.5 mara 0.8 iliyozidishwa yenyewe mara sita, yaani takribani 0.13. Kwa muda mrefu, sehemu ya siku za mvua itakuwa 0.2 gawanya kwa 0.7 (0.2 kujumlisha 0.5 ya kutoka mvua kwenda ukavu), yaani siku mbili kati ya saba. Jibu hilo linahakikishwa kwa kalamu: kati ya kila siku saba, tano kavu huzaa siku moja ya mvua inayofuata, na mbili za mvua huzaa moja, jumla mbili kama mwanzo. Tena, mwanafunzi akianza na siku kavu akakokotoa uwezekano wa mvua siku baada ya siku, atapata 0.2, kisha 0.26, kisha 0.278, na kuendelea kuisogelea 0.2857. Kila siku, umbali uliobaki ni 0.3 ya umbali wa jana. Hapo ndipo hisabati yenyewe inapoanza, kwa kuwa sasa kuna jambo la kuthibitisha: kwamba 0.3 hiyo ni tofauti ya namba mbili za mwanzo, na kwamba mnyororo wowote wa aina hii utasogelea kikomo chake isipokuwa katika hali chache zinazoweza kutajwa moja moja. Uthibitisho huo huchukua kurasa mbili, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuuandika wote bila kukopa mstari.

Baada ya uthibitisho hufuata uaminifu. Modeli hii inadai kwamba kesho inategemea leo peke yake, na kwamba siku ya Novemba haina tofauti na siku ya Februari. Madai yote mawili yanaweza kuwa na kasoro. Mradi uliokamilika huyapima: hutenganisha miezi, hujaribu kuona kama hali ya juzi inaongeza lolote, husema ni siku zipi hazikurekodiwa na zimeshughulikiwaje, tena hutaja ni milimita ngapi zimehesabiwa kuwa mvua. Modeli ikishindwa mahali fulani, kushindwa huko huandikwa, kwa sababu nako ni tokeo.

Katika safari hii msimamizi ana kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Wajibu wake ni kulipunguza swali mpaka lienee katika muda uliopo, kuonyesha kitabu au makala ya kuanzia, na kuuliza "kwa nini" kila mwanafunzi anapoandika "ni dhahiri". Hapaswi kumfanyia hesabu, wala kumwacha mpaka wiki ya mwisho. Mwanafunzi naye ana wajibu wake. Kwa malezi ya kwetu, kumwambia mwalimu "sijaelewa" huonekana kama utovu wa heshima, hivyo wengi huitikia kwa kichwa, hutoka ofisini na kupotea mwezi mzima. Dawa iliyo rahisi ni kwenda kila kikao na ukurasa mmoja ulioandikwa: kilichofanyika, kilichokwama, na swali linaloulizwa. Ukurasa huo huuliza pale mdomo unaposita, na mwisho wa mwaka kurasa hizo ndizo huwa rasimu ya andiko.

Usomaji wa kazi za wengine unataka nidhamu ya aina yake. Utamaduni wa madesa, yaani kurithishana maandishi kutoka mwaka hadi mwaka, humsaidia mwanafunzi kupita mtihani, lakini katika mradi humwangusha. Anayenakili uthibitisho bila kuufunika na kuuandika upya kwa maneno yake hugundulika kwa swali la kwanza la mtahini. Kipimo cha kusoma kwa hisabati kinajulikana: mtu husoma, hufunika kitabu, huandika, kisha hufunua aone alipokosea. Chanzo hutajwa hata pale wazo lilipobadilishwa, na kompyuta hutumika kuhakiki au kutafuta mwelekeo, ilhali hoja hubaki ya mwandishi.

Uandishi nao ni sehemu ya utafiti. Mara nyingi pengo la hoja huonekana tu sentensi inapokataa kukaa sawa. Andiko zuri hueleza kila alama kabla ya kuitumia, huanza na mfano mdogo wenye namba, hutenganisha kilichothibitishwa na kilichoonekana kwenye data, na humalizia na yale yasiyojibiwa. Programu ya LaTeX hupanga milinganyo vizuri, lakini haisahihishi hata mmoja. Siku ya kutetea kazi, mtahini makini huweka kidole kwenye mstari wowote na kuuliza umetoka wapi. Mwanafunzi wa mfano wetu wa mvua, akiwa na ubao na dakika kumi, anaweza kuanza na namba mbili na kufika kwenye siku saba kavu bila karatasi. Huo ndio ukamilifu unaozungumziwa hapa.

Faida ya kazi hii haiishii kwenye cheti. Wahitimu wengi wa hisabati huenda kufundisha sekondari, katika nchi ambayo watahiniwa wengi wa kidato cha nne hufeli somo hilo. Mwalimu aliyewahi kukwama miezi kwenye swali lake mwenyewe, akalitatua, hufundisha kwa namna nyingine: anajua kosa la mwanafunzi lina sababu, na ana subira ya kuitafuta. Shule za Simiyu zinamhitaji mwalimu wa namna hiyo kuliko anayekumbuka kanuni tu.

Idara za hisabati, kwa hiyo, zinaombwa mambo matatu. Mosi, swali lipitishwe mapema, nalo lipitishwe tu likiwa dogo kiasi cha kumalizika. Pili, alama zitolewe zaidi kwa hoja zilizothibitishwa na mipaka iliyokiriwa kuliko kwa wingi wa kurasa. Tatu, kila andiko liambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza swali, njia na jibu, nakala yake ipelekwe mahali swali lilikotoka. Afisa ugani wa Ipililo hahitaji uthibitisho wa kikomo, ila namba ya wiki kavu, pamoja na maelezo ya wapi isiaminiwe, inamfaa. Mwanafunzi anayeweza kuuandika ukurasa huo kwa usahihi amekwisha kuielewa kazi yake.