Kubadili vipimo siyo kuvumbua

Wako wenzetu wanaosema kwamba kila namba mpya ni uvumbuzi. Sisi tunakataa, na tunaeleza sababu.

Tutazame zile taa kubwa za halidi zilizoangazia viwanja vya mpira miaka mingi. Ndani iko tube ndogo yenye zebaki na chumvi za metali. Steinmetz alipata hati ya uvumbuzi, ndiyo breve, juu ya wazo hilo huko Marekani katika 1912. Reiling wa General Electric alilifanya lifae kazini, naye akapata yake katika 1966. Kila metali iko na rangi yake: sodiumu manjano, taliumu kijani, indiumu buluu. Ukibadili vipimo, joto la rangi linageuka: kelvini 3000 ni mwanga wa manjano, 5500 unafanana na jua la saa sita.

Basi fundi akisema: «Nimepata 4200 inayopendeza, nipeni breve, mwingine asiiguse,» tumpe? Mama anayeongeza chumvi mpaka sombe inakolea, hakuvumbua sombe!

Sheria ya Marekani ya 1952 inakatalia breve jambo ambalo fundi wa kawaida angeliona wazi. Katika shauri la Aller, 1955, fenoli ilikuwa imekwisha kutengenezwa kwa joto la digrii 100 na asidi 10 kwa mia. Waombaji walileta digrii 40 mpaka 80 na asidi 25 mpaka 70 kwa mia. Walipata mazao mengi zaidi, lakini waamuzi walikataa, kwa maana njia ilikuwa ile ile.

Lakini Antonie, katika 1977, alishinda. Shauri lake lilikuwa juu ya mashine ya kusafisha maji machafu. Mbele yake, hakuna aliyejua kwamba ukubwa wa tangi, ukilinganishwa na eneo la sahani zake, unageuza kazi ya mashine.

Mtasema: na jasho la fundi je? Jasho linastahili mshahara. Breve ni kitu kingine: inawafungia wengine njia kwa miaka.

Kwetu katika laboratware pia, mwenye namba nzuri apewe pointi zake. Lakini yule anayeuliza wa kwanza, «Ni kitu gani kinachogeuza mwanga?», tusimcheke. Huyo ndiye ameanza kuvumbua.