Taa za maghorofa na wageni wa usiku

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Miongoni mwa wageni wanaoizuru nchi yetu kila mwaka, wamo ndege wadogo wasio na idadi ambao huikimbia baridi ya Ulaya na Asia, wakavuka majangwa na kutufikia kati ya Oktoba na Desemba. Wengi wao hula wadudu, na baadhi yao hawafiki hata gramu 20 kwa uzito. Aghalabu hatuwaoni wakipita, kwa kuwa husafiri usiku. Je, tumewaandalia mapokezi gani katika miji yetu inayozidi kung'aa?

Safari ya usiku ina hekima yake. Hewa huwa baridi na tulivu, mwewe wamelala, na mchana hubaki kuwa wa kula na kupumzika. Njia huijua kwa nyota na kwa nguvu za sumaku ya dunia. Lakini mawingu yanapotanda, taa kali huwavuta na kuwapoteza. Huizunguka nuru hiyo hadi wakachoka, ama wakajibamiza kwenye vioo.

Ushahidi tunao hapa nyumbani. Katika hoteli ya Ngulia, mbugani Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu usio na mbalamwezi taa huwashusha ndege kwa maelfu. Tangu mwaka wa 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu nyembamba, wakiwavisha pete miguuni na kuwaachilia. Kwa njia hiyo tumejifunza mengi kuhusu safari zao. Hapo Ngulia nuru imezaa elimu, kwa sababu yupo mtu wa kuwapokea na kuwaachilia salama.

Mahali pasipo na mtu wa aina hiyo, mambo huwa mengine. Usiku wa kuamkia Oktoba 5, 2023, karibu ndege 1,000 walikufa kwa kujigonga kwenye vioo vya jengo moja tu la McCormick Place, lililo ufuoni mwa ziwa mjini Chicago, Marekani. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2021 ulikuwa umekwisha kukadiria kwamba kuzima nusu ya madirisha yanayowaka katika jengo hilo kungepunguza vifo kwa takriban asilimia 60. Mwaka wa 2024 vioo vyake vilibandikwa utando wenye vitone ili ndege wavitambue, na vifo vikapungua mno.

Mjini New York nako, miali ya taa inayowashwa kila Septemba 11 kuwakumbuka waliouawa mwaka wa 2001 huzimwa kwa takriban dakika 20 ndege wanapozidi. Taa zikizimika, ndege hutawanyika na kuendelea na safari. Ni uharibifu gani mwingine wa mazingira unaotibika kwa kubonyeza swichi?

Hapana shaka wapo watakaouliza: je, usalama? Hakuna anayedai kwamba barabara au hospitali zitiwe giza. Tunazungumzia ofisi tupu zinazowaka hadi alfajiri, pamoja na taa za mapambo juu ya maghorofa ya vioo yanayochipuka Upper Hill na Westlands. Kuzizima kuanzia saa sita za usiku, katika miezi ya Oktoba hadi Desemba na tena Machi na Aprili ndege wanaporejea kwao, kutampunguzia mwenye jengo hata gharama ya umeme. Serikali za kaunti zinazoidhinisha ramani za majengo zingefaa kulizingatia jambo hili sasa, kabla vioo havijawekwa, maana kurekebisha baadaye ni ghali.

Walimu na wanafunzi nao wana kazi. Kumbukumbu za Chicago zilianza mwaka wa 1978, wakati David Willard wa makumbusho ya Field alipokwenda asubuhi moja kutazama chini ya kuta za jengo lile. Tangu wakati huo zaidi ya ndege 40,000 wameokotwa hapo. Shule iliyo karibu na jengo la vioo inaweza kuanza vivyo hivyo: daftari moja, tarehe, hali ya hewa na idadi ya ndege waliookotwa alfajiri. Wenye majengo watakapotuuliza ushahidi wa hapa kwetu u wapi, tutakuwa na cha kuwaonyesha.