Mama Mkwe wa Beijing na Mama Mkwe wa Mwigobero



Maneno haya tumeyasikia mara nyingi hapa Mwigobero, na juma hili yamesemwa tena karibu na mwalo, mbele ya akina mama waliokuwa wakianika dagaa: kwamba tamthilia za Wachina ndizo zilizowaharibu wakamwana wetu, na kwamba tangu ile ya Doudou hakuna binti anayenyamaza akisemwa. Aliyesema ni mzee tunayemheshimu. Hatukubaliani naye hata kidogo.

Tukumbushane. "Doudou na Mama Wakwe Zake" ilirushwa na TBC mwaka 2011, ikiwa imetiwa Kiswahili na Redio China Kimataifa. Mao Doudou ni muuguzi aliyeolewa na Yu Wei, ambaye wazazi wake walitalikiana. Hivyo binti huyo anajikuta na mama wakwe wawili, mama mzazi wa mumewe na mama wa kambo, na kila mmoja ana madai yake. Je, aliwakimbia? Sehemu kubwa ya hadithi anahangaika kuwapatanisha. Ikiwa huo ndio uharibifu, basi na Ruthu aliyeambatana na Naomi tumwondoe katika Maandiko.

Kabla yake Japani ilitoa Oshin, mwaka 1983, ikazunguka nchi nyingi za dunia. Aliyeitazama haisahau ile nyumba ya Saga, ambako mama mkwe alimfanyisha Oshin kazi ngumu hali ni mjamzito, na kitoto kikafa wakati wa kuzaliwa. Watu walilia katika nchi zisizojua hata Saga iko wapi. Kwa nini walilia? Kwa sababu nyumba hiyo waliifahamu. Nasi twaifahamu. Nani katika mkoa huu hajamwona mkamwana anayekumbushwa ng'ombe waliotolewa kwao kila chumvi inapozidi mchuzini? Nani hajamshuhudia mjane akiondoka na watoto, mikono mitupu, huku shemeji akihesabu mabati?

Tena tuseme kweli. Kwa miaka mingi vijana wetu walijazana katika mabanda ya video kuwatazama Bruce Lee na Jackie Chan, wakatoka wakirushiana mateke njiani. Wazee walicheka. Ngumi za Hong Kong hazikumtisha mtu. Kilichotisha ni mwanamke aliyefungua kinywa jikoni.

Na kilitisha zaidi kwa kuwa kilisemwa kwa Kiswahili. Mama asiyejua lugha ya kigeni alikuwa akitazama midomo tu. Siku alipoelewa neno kwa neno, kelele zikaanza. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hapo jirani, alimtafsiri Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hatukumbuki aliyemshitaki kwa kuingiza Uingereza nyumbani. (Aibu yetu ni nyingine: kwamba hadithi ya mkamwana ilitufikia kwa lugha yetu kutoka Beijing, wakati mkamwana mwenyewe yupo hapa na hatumwandiki.)

Mzee wetu anataka televisheni izimwe. Tulimwuliza ni tendo gani la Doudou lililomchukiza. Akajibu kwamba alimjibu mama mkwe. Tukamwuliza mama mkwe alikuwa amesema nini kwanza, naye akatuambia kwamba hilo hakulisikiliza.