Maarifa ya Ofisi na Mashine ya Kuyahifadhi

Ni neema isiyokanika kwa mtumishi wa zama hizi kwamba faili ambalo zamani lilitafutwa masjala kutwa nzima, kumbe limelala juu ya meza ya mkubwa aliye safarini, sasa huonekana katika kompyuta kwa muda mfupi. Na Tanzania, iliyotunga Sheria ya Serikali Mtandao mwaka 2019, yastahili sifa kwa kuifuata njia hiyo. Lakini suala linalotaka mizani ni hili: je, idara iliyohifadhi karatasi zake zote imehifadhi pia maarifa ya watu wake? Rai yangu ni kwamba haijayahifadhi, wala haitayahifadhi, maadamu haijajifunza kumheshimu mwenye maarifa kabla ya kununua mashine.

Dokezo sabili, yaani andiko la ndani la ofisi, hueleza uamuzi uliopitishwa, na aghalabu huzisitiri sababu zake. Litasema pampu ya maji ifunguliwe na kutengenezwa, wala halitasema kwamba fundi mkuu aliitambua kasoro kwa kuusikiliza mlio wake. Mwanafalsafa Michael Polanyi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1966, alibainisha kwamba ujuzi wa mtu huvuka mipaka ya maneno yake. Fundi yule akitimiza miaka 60 hustaafu kwa mujibu wa sheria. Hufanyiwa hafla, hukabidhi funguo, hutia saini hati ya makabidhiano, na elimu ya mlio ule huondoka nayo.

Hata hivyo, si insafu kunena kwamba teknolojia haina msaada hapa. Mwanaanthropolojia Julian Orr, aliyefuatana na mafundi wa mashine za fotokopi wa kampuni ya Xerox na kutoa kitabu juu yao mwaka 1996, aliona kwamba vitabu vya maelekezo haviwatoshi, na kwamba tiba ya mashine sugu walikuwa wakiipata katika visa walivyosimuliana, hata mezani kwenye chakula. Kampuni hiyo ikaunda mfumo ulioitwa Eureka, ukaanza kutumika Ufaransa katika miaka ya 1990: fundi aliyevumbua tiba ya hitilafu aliiandika, mafundi wenziwe wakaihakiki, kisha ikatangazwa kwa wote pamoja na jina lake. Kilichowavuta kuandika hakikuwa ujira, bali heshima ya kujulikana na watu wa kazi moja.

Kinyume chake chaonekana NASA, shirika la anga za juu la Marekani lisilopungukiwa na kompyuta wala mabingwa. Lilikuwa na hazina yake ya mafunzo yatokanayo na miradi, lakini wakaguzi wa Bunge la Marekani, katika ripoti ya mwaka 2002, walikuta kwamba mameneja wa miradi hawakuwa na mazoea thabiti ya kuyachangia wala kuyatumia mafunzo hayo. Mashine ilikuwapo, iliyokosekana ni desturi.

Yamkini mtu atapinga kwamba katika ofisi zetu ujuzi ni ngao, na anayeutoa wote hujiweka katika hatari ya kuonekana hana haja tena. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu haiondolewi kwa waraka wala kwa semina, bali kwa maslahi: kule kumfundisha mwenzio kuhesabiwe katika tathmini ya kazi na kupandishwa cheo, mtumishi akaribiaye kustaafu apewe mwaka mzima wa kufuatana na mrithi wake, na maelezo yake yarekodiwe kwa sauti na picha mahali pa kazi yenyewe, na kila kinachoingizwa katika mfumo kipitiwe na wajuzi, kibebe jina la mwenyewe, na kifutwe kikishapitwa na wakati. Afisa masuuli atakapoletewa maombi ya fedha za mfumo mpya, na aulize kwanza nani ataandika humo, nani atahakiki, na mwandishi atapata nini. Asipojibiwa, azizuie fedha hizo.